Hujapanda

Wafanyakazi wa hospitali walisomewa matokeo ya kipimo cha mbio uani, juani, wote kwa pamoja kama wanafunzi waliochelewa. Bwana Utawala alisimama kwenye kivuli cha paa la dobi, tai imenyooka, na kila alipomwita mtu alimtazama kwanza tumboni, halafu usoni.

"Moshi," alisema. "Ulianza kiwango cha nne. Sasa uko cha nane. Umepanda. Safi sana."

Watu wakapiga makofi huku wanacheka, maana Moshi alikuwa mtu wa sigara kabla ya chai na sigara baada ya chai. Katika ile miezi mitatu ya mazoezi, siku alizotegea alitegea, na siku alizokimbia alikimbia huku anapiga soga. Yeye mwenyewe aligeuka nyuma kutazama kama kuna Moshi mwingine.

"Lifti."

Mzee akasogea mbele. Hilo lilikuwa jina lake la kazi, na hakulichagua. Lifti yenyewe, ile ya chuma, ilikwama kati ya ghorofa mbili miaka mingi iliyopita. Kila mkubwa aliyeletwa hospitalini aliahidi kuiamsha, na kila mkubwa aliondoka ameiacha imelala. Mgonjwa akitakiwa juu, manesi walipaza sauti ngazini: muiteni Lifti. Akaja yeye na machela yake, na yeyote aliyekuwa karibu akashika upande wa pili.

"Ulianza cha tano," alisema Bwana Utawala. "Na uko cha tano. Hujapanda."

Mtu mmoja nyuma alicheka kwa pua. Asubuhi ileile Lifti alikuwa amembeba mama mwenye nyonga iliyovunjika mpaka ghorofa ya juu kabisa, na shati lilikuwa bado limemganda mgongoni.

"Mimi napanda kila siku, mkubwa," alisema. "Kama hujui, ziulize ngazi."

"Usilete utani hapa. Mlipewa uwanja mmoja, filimbi moja, mizunguko sawa. Mwenzako kapanda. Wewe hujapanda. Maana yake ulikuwa unategea."

Lifti hakutegea hata siku moja. Alikimbia siku ya mvua, akakimbia siku ya mafua, akakimbia siku aliyotoka kubeba maiti wawili mfululizo. Mwalimu wa mazoezi, yule binti aliyeletwa na hospitali kuwapima, alikuwa shahidi. Naye alikuwapo pale uani, spika yake inayoliza filimbi za kipimo imening'inia begani. Lifti alimwona akifungua mdomo. Bwana Utawala akamgeukia, na mdomo ukafungwa.

Basi hukumu ikatoka. Bodi ilitaka kiwango cha saba kwenda juu, kwa afya ya wafanyakazi, ndivyo walivyosema wale ambao wao wenyewe hawakupimwa. Watatu walikuwa chini: Lifti, Mama Sabuni wa dobi, na Kufuli mlinzi wa geti. Mama Sabuni na Kufuli walipewa notisi ya miezi miwili. Lifti atapimwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, kwa sababu daktari wa upasuaji kamwombea. Akishindwa, kazi hana, na nyumba ya hospitali anayokaa aikabidhi kwa funguo zake zote.

"Tawanyikeni," alisema Bwana Utawala. Akaenda zake ofisini, ambako ni chini, hakuna ngazi.

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili na kibaraza, katika safu ya nyumba za wafanyakazi nyuma ya mochwari. Walikaa watu watatu waliounganishwa na mtu mmoja aliyekwisha kufa: Lifti, mjane wa kiume, Moshi, mdogo wa marehemu, kibarua asiye na haki ya nyumba, na mama yao, mkwe wa Lifti, ambaye goti lake moja lilikuwa halikunjiki. Nyumba ikienda, kila mmoja alijua hana pa kumpeleka mwenzake.

"Shemeji," alisema Moshi, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Wallahi sijafanya kusudi."

"Kupanda?"

"Ndiyo. Ningejua ningejizuia."

"Wewe huwezi kujizuia kitu chochote, bwana mdogo. Ndiyo maana unavuta."

Mama mkwe alikuwa anabandika kiraka kwenye shuka. Hakucheka, ila mkono ulisita.

Ndipo mwalimu wa mazoezi akabisha hodi. Alikuja na nguo zake za kazi, viatu mkononi, maana uani palikuwa na matope. Akamwamkia mama mkwe, akamwamkia Lifti, akabaki amesimama kwa sababu hakuna aliyemwambia akae.

"Mzee, nimekuja kusema wewe hukutegea."

"Hilo nalijua."

"Nataka ujue kwa nini. Tukichukua watu wengi tukawakimbiza sawasawa, hawapandi sawasawa. Mmoja anapanda sana, kama shemeji yako. Wengi wanapanda kiasi. Wachache hawapandi kabisa, au kidogo mno usiweze kuona kwenye kipimo. Si uvivu. Sehemu yake mtu anazaliwa nayo, inakuja na damu ya wazazi. Sehemu nyingine ni mazoezi yenyewe. Wewe umebeba watu ngazini maisha yako yote. Zile mbio zetu za taratibu, moyo wako haukuzisikia. Ulihitaji dozi nyingine."

"Na hayo uliyajua pale uani?"

"Niliyajua."

"Ukanyamaza."

"Mkataba wangu ni wa muda, mzee. Niliogopa."

Lifti akainuka. Hakupaza sauti, alikuwa mtu wa kusema polepole akiwa na hasira, kama anayeteremsha machela. "Nyinyi mnajua kila kitu mkiwa mlangoni kwa mtu. Mbele ya wakubwa mnakuwa mabubu. Rudi ukalale, mwalimu. Ahsante kwa kuja."

Binti akaondoka na viatu vyake mkononi.

Mama mkwe aling'ata uzi, akakunja shuka, akaiweka pembeni. Kwa kawaida hakumwambia mkwewe jambo zito ana kwa ana; alilipitisha kwa Moshi. Safari hii hakulipitisha kwa mtu.

"Baba," alisema. "Yule binti katamka dozi."

"Nimesikia, mama."

"Mke wako alimeza vile vidonge vya presha mbele ya macho yangu. Maji nampa mimi, gilasi napokea mimi. Presha haishuki. Wakasema hamezi, anavitupa dirishani. Jirani yake wa kitanda kapewa vidonge vilevile, rangi ileile, ikashuka, karudi kwake anaringa. Mwanangu wakamwita mkaidi. Mpaka anakufa aliitwa mkaidi. Hakuna mtu hata mmoja aliyeuliza pengine mwili wake unataka kingine."

Lifti alilijua lile neno, mkaidi. Alilisikia kwa nesi, akalisikia kwa daktari wa zamu, na kwa muda mfupi, jambo ambalo hakumwambia mtu, alikuwa amelisadiki.

"Tumbo moja," alisema Moshi taratibu. "Dada dawa ikamkataa, mimi mazoezi yakanishika hata sijayataka."

"Leo amekuja mtu mwenye cheti," alisema mama mkwe, "kwa miguu yake, kwenye matope, anasema miili haifanani. Wewe umemfukuza. Nenda kamrudishe."

Lifti akavaa kandambili akatoka. Alimkuta mwalimu getini, Kufuli anamfungulia. Akamwambia maneno mawili tu, kwamba amekubali na kwamba samahani, na kwa sababu la pili lilimwia zito alilisema akiwa anatazama kufuli la geti.

Mwalimu alikuwa na safari ya siku chache kwao. Alimwambia Lifti kwa haraka: ongeza dozi, nikirudi nitakupangia vizuri. Hapo ndipo watu wa hospitali walipokosea kama watu wa hospitali.

"Dozi inaongezwaje?" aliuliza Moshi.

"Wewe umefagia famasi mwaka mzima, unaniuliza mimi? Kutwa mara tatu."

"Kabla au baada ya chakula?"

"Baada. Isije ikachoma tumbo."

Hivyo Lifti akawa anakimbia kuzunguka hospitali asubuhi baada ya chai, mchana baada ya kula, na jioni baada ya kula tena, mwendo uleule wa taratibu. Wagonjwa wakamzoea. Siku ya pili akatapika karibu na bomba la dobi. Siku ya tatu akatapika pale pale, na Mama Sabuni akamwekea beseni kabisa. Siku ya nne alimbeba mgonjwa ngazini miguu ikamtetemeka, jambo ambalo halijawahi kumtokea, na mgonjwa akamuuliza kama wabadilishane.

Mwalimu aliporudi akasimuliwa, alikaa chini akacheka mpaka akajifuta machozi. Mama mkwe naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba, na Lifti kwa kuona hivyo akashindwa kukasirika.

"Si vidonge, mzee. Kosa ni langu, nilisema nusu. Siyo mara nyingi tu. Ni kukaza. Unakimbia mpaka huwezi kutoa neno, halafu unapumzika, halafu tena. Na siku ya kulala, lala."

"Kukaza kiasi gani?"

"Ukiweza kumtukana Bwana Utawala wakati unakimbia, hujakaza."

"Hapo mwalimu umenipa kazi ngumu," alisema Lifti.

"Na nikwambie ukweli kabisa. Siwezi kukuahidi. Wengi wakibadilishiwa wanapanda. Wewe sijui. Hakuna anayejua mpaka mwili useme wenyewe."

Hilo la kutoahidi ndilo lililomfanya amwamini. Wakubwa wote aliowahi kuwaona waliahidi.

Nyuma ya dobi kulikuwa na mteremko wa saruji wa kusukumia matoroli ya mashuka, mrefu na mkali, kutoka uani mpaka mlango wa wodi. Hapo ndipo walipohamia. Lifti alipanda mbio, akashuka kwa kutembea, akapanda tena. Wiki ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Wiki ya pili mwili ukaacha kulalamika na mwalimu akasema haitoshi, uongezwe mzigo.

"Mzigo upi?" aliuliza Moshi. "Mawe?"

"Mimi," alisema mama mkwe.

Walidhani anatania. Lakini alikuwa ameshakiona, nyuma ya stoo, kiti cha magurudumu kilichotupwa kwa kukosa kiegemeo cha mkono. Akakaa, akajifunga kanga miguuni, mkoba mapajani, kama anayekwenda kutoa posa.

"Mama, haiwezekani," alisema Lifti. "Mimi nikukimbize wewe? Watu watasema nini?"

"Watasema mkwe wangu ananipenda. Sukuma."

Akasukuma. Mara ya kwanza alimpandisha kwa adabu kama anabeba mayai, mpaka mama mkwe mwenyewe akageuka: "Baba, mimi sijafa. Maiti ndio unawapeleka hivi." Mara ya pili akakaza. Mara ya tano hakuwa na pumzi ya kuona haya. Moshi alikimbia pembeni bila jasho, anamchokoza. "Shemeji, konokono kakupita, kasema nikusalimie." Lifti alitaka kumjibu, neno halikutoka, na mwalimu pale juu akaitikia kwa kichwa: hapo sasa amekaza.

Jioni moja Bwana Utawala akawakuta. Alikuwa anapita njia ya mkato kwenda kwenye gari.

"Hicho kiti ni mali ya hospitali."

Lifti alikuwa ameinama, mikono magotini, hana hewa. Moshi akatazama chini. Mama mkwe peke yake ndiye aliyekaa sawasawa kwenye kiti.

"Na mimi ni mgonjwa wa hospitali, mwanangu. Goti. Nina kadi. Mkwe wangu ananipeleka wodini, lifti yenu haifanyi kazi."

"Mara hii ya ngapi anakupeleka wodini leo?"

"Nasahau njia."

Bwana Utawala alimtazama mwalimu. "Na wewe, ni saa za kazi hizi?"

"Hapana, mkubwa. Zimeshaisha."

Aliondoka, lakini kesho yake kile kiti kilikutwa kimefungiwa stoo. Kufuli, mwenye funguo za stoo, alisema yeye hajui chochote. Jioni kiti kilikuwa mteremkoni. Kila asubuhi kilifungiwa na kila jioni kilikuwa mteremkoni, na Kufuli aliendelea kutojua chochote.

Siku ya kipimo uwanja ulijaa. Hakuna aliyetangaza. Wapishi walitoka na aproni zao, manesi wa zamu ya usiku hawakwenda kulala, na madirishani ghorofa zote tatu walijaa wagonjwa, wengine na chupa za dripu, wengi wao watu aliowapandisha mwenyewe. Bwana Utawala alisimama na saa yake mkononi, maana hakuiamini ya mwalimu.

Mistari miwili ya chokaa. Filimbi ikilia unatoka mstari huu, ikilia tena uwe umefika ule, na kila kiwango filimbi inazidi haraka.

Viwango vya kwanza Lifti alivipita kama anakwenda dukani. Cha tano, pale alipokuwa akifia, kifua kikabana, naye akangoja miguu imgomee kama siku zote. Miguu haikugoma. Alifika mstari filimbi haijalia, akawa na muda wa kuvuta hewa. Lilikuwa jambo geni kiasi kwamba alitaka kumwambia mtu. Kifua kile kile cha miaka yote, lakini ni kana kwamba kuna chumba ndani kimefunguliwa dirisha.

"Cha sita," alisema mwalimu.

Hapo kelele zikaanza kule juu. Mgonjwa mmoja akagonga sufuria kwenye nondo za dirisha. Moshi alikatazwa kusema, akawa anakimbia pembeni mdomo umefungwa, mikono inasema yote. Cha saba kilipoingia, uso wa Lifti ukawa na rangi ya majivu. Alikuwa haoni watu, anaona mstari, na mstari, na mstari. Mama mkwe hakushangilia. Alikuwa amesimama kwa goti lake bovu, kashika kitambaa, anapumua pamoja naye.

"Cha saba kimeisha. Cha nane."

Aliutafuta mstari wa kwanza wa cha nane, akaufika, akageuka, akaenda hatua chache, akaanguka kwa magoti na mikono. Uwanja ukalipuka. Moshi akamrukia mgongoni kabisa, mpaka akaambiwa amwache mtu apumue.

"Irudiwe," alisema Bwana Utawala. "Hiyo filimbi ilikuwa inalia polepole."

"Filimbi inatoka kwenye spika, mkubwa," alisema mwalimu. "Haina shemeji hapa."

Kicheko kilianzia kwa wapishi kikapanda ghorofa kwa ghorofa. Bwana Utawala akatazama saa yake, ambayo ilisema yale yale ya spika. "Haya," alisema. "Amepanda. Abaki na nyumba yake. Rudini kazini."

Hakuna aliyeondoka, kwa sababu Lifti alikuwa bado chini na alikuwa ameinua mkono mmoja, anaomba wamngoje apate hewa ya kusemea.

"Na Mama Sabuni?" alisema. "Na Kufuli?"

"Wale hawakupanda."

"Hata mimi sikupanda. Mlinipa dozi isiyo yangu, mkaniita mtegaji. Kuna mtu nyumbani kwangu mlimwita mkaidi. Huyo hakupimwa mara ya pili. Hawa wapimwe."

"Suala lao limefungwa."

"Halijafungwa," alisema mwalimu, akisogea mbele. "Majibu yao yalikwenda kwa Bodi na sahihi yangu. Nitawaandikia Bodi kwamba naiondoa. Miezi mitatu ile niliwakimbiza wote kwa mwendo mmoja, na nilijua kwamba hautawafaa wote. Niliyajua hayo siku ile uani."

"Unajua mkataba wako unaisha lini?"

"Najua, mkubwa. Na nitawaambia hayo hata ukiisha kesho."

Dirishani ghorofa ya juu daktari wa upasuaji alikuwa ametoa kichwa, kofia ya kijani bado imemkaa. "Bwana Utawala," aliita kwa upole kabisa, "wapime. Mimi nahitaji mashuka safi na geti lenye mtu. Na Lifti akishapumua, nina mgonjwa hapo chini."

Bwana Utawala akatazama juu, akatazama umati ambao haukuwa unatoka, akairudisha saa yake mfukoni. "Miezi mitatu mingine," alisema. "Kwa muda wao wenyewe, si wa kazi." Akapita katikati ya watu, nao wakampisha kwa heshima zote, jambo lililomuuma zaidi.

Mama Sabuni alikaa kwenye ukingo wa karai lake akalia kwa sauti. Mama mkwe akaja mpaka alipokuwa Lifti, akainama kwa shida, akamfuta uso kwa kile kitambaa kama anayemfuta mtoto, mbele ya hospitali nzima. Lifti akaacha afutwe. Halafu akainuka, akaenda kuchukua machela, kwa sababu kuna mtu alikuwa anangoja kupelekwa juu.

Jumatatu walikutana chini ya mteremko, jua halijawa kali. Mama Sabuni alivaa raba za mwanawe zilizombana. Kufuli, mtu mzito aliyezoea kukaa, alikuwa anauangalia ule mteremko kama anayeangaliana na mbwa wa watu.

"Lifti," alisema, "wewe damu yako imekubali. Moshi yake ilikubali kabla hajaomba. Mimi je? Unaionaje?"

"Siioni. Haionekani."

"Sasa nikikaza nikakaza, halafu isikubali?"

"Tutakubadilishia. Ikikataa tena, tutakubadilishia tena. Mtegaji hutaitwa hapa."

Kufuli akatafakari, akavua koti la ulinzi, akampa Moshi amshikie.

"Ongea kidogo, nisikie," alisema Lifti akiwa ameshaanza kukimbia kando yake.

"Niongee nini?"

"Chochote. Ukishindwa kunijibu ndiyo tumeanza."